Kalibu ya Magoti

Jumapili, Oktoba. Tabora, baada ya alasiri.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yalikuja tangu asubuhi, yakasimama juu ya mji kama wageni wasiotaka kuingia ndani, kisha yakaondoka kuelekea Igalula bila kuacha hata tone. Vumbi limebaki. Bati la stoo linalia lenyewe kwa jua, na mimi niko chini yake, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, naandika kwa simu huku udongo ukikauka vidoleni.

Sijaandika hapa kwa wiki tatu. Wanaonisoma wanajua sababu: kazi za maonyesho. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Ipo nyingine, na leo nataka kuisema kabla sijapata muda wa kuipamba.

Nilimdanganya mama yangu ili nipate magoti yake.

Nieleze tangu mwanzo. Kuna ukumbi mmoja Dar umekubali kuonyesha sanamu zangu tano. Zote ni za mwili na nyumba. Ipo ya mlango wenye uti wa mgongo. Yapo mafiga matatu yenye vidole vya miguu, kila figa limekanyaga majivu. Upo mtungi wenye nyonga, na upo ufagio ulioshikwa na mkono usio na mtu. Ya tano, ambayo nilitaka iwekwe katikati ya chumba peke yake, ilikuwa magoti mawili ya mama yangu, yamewekwa juu ya kipande cha sakafu ya udongo. Sanduku linatakiwa stesheni kesho Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Ndani nimeshakata sponji na kuacha nafasi tano zenye umbo la kila kazi.

Magoti ya mama hayafanani na mengine. Juu ya kila pia ya goti kuna sugu nene, nyeusi, ngumu kama kisigino, yenye nyufa ndogo kama za mbuga ikikauka. Nimekua nikiyaona. Mama ni Mnyamwezi wa Ipole, kijiji cha tumbaku na asali. Baba ni mtu wa hapa mjini, mshonaji, mwana wa washonaji, na nyumba yao iko mtaa huu tangu misafara ya pembe ilipokuwa ikipumzika hapa. Tangu nipate akili nilimwona Mama akimletea Baba maji ya kunawa: anapiga magoti, birika mkono wa kulia, bakuli mkono wa kushoto, macho chini. Kila mlo. Chuoni nilisimama mbele ya darasa nikalieleza jambo hilo kwa sauti ya kutetemeka, na wenzangu wakanipigia makofi. Naogopa kwamba siku hiyo ndiyo nilipoanza kuyaona magoti yale kuwa yangu.

Mwaka jana yalianza kumuuma. Sasa hawezi kabisa kuyakunja hadi chini. Anaswali kwenye kiti cha plastiki, na akishuka ngazi mbili za uani anashika ukuta. Birika limehamia mezani, kila mtu anajimiminia.

Ningemwomba tu. Ningesema, Mama, nataka kuyatolea nakala magoti yako, watu wayaone. Nilijua jibu. Mama hajawahi kuvaa gauni linaloishia juu ya kifundo cha mguu. Magoti yake nimeyaona mimi kwa kuwa ni mwanawe, ameyaona Baba kwa kuwa ni mumewe, na basi.

Kwa hiyo nilimwambia kuna daktari wa mifupa Dar anayetengeneza kinga za magoti, za kuvaa, zinazosaidia mtu kutembea bila maumivu. Nikamwambia anataka vipimo, na vipimo vyenyewe vinachukuliwa kwa jipsamu, ule unga mweupe wa plasta.

Aliniamini palepale. Wala hakuuliza jina la daktari.

Tulifanya chumbani kwake, mlango umefungwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akapandisha khanga hadi mapajani, akageuza uso dirishani kama mtu anayechomwa sindano. Nilimpaka mafuta ya nazi ili jipsamu isimng'ang'anie, nikaweka nyuzi za katani, nikamwagia. Jipsamu hupata moto ikianza kukaza. Akaruka kidogo. "Fundi, unanipika?" akasema, akacheka. Kisha, wakati tunasubiri, akanishika kichwa, akaacha mkono wake pale. "Mungu akubariki, mwanangu. Umeniona."

Niliendelea kubana kingo za kalibu. Hivyo ndivyo nilivyofanya.

Wiki iliyofuata akauliza kama kinga zimefika. Nikasema bado. Wiki ya pili akauliza tena, na nikamsikia akimwambia jirani wa nyumba ya pili, kwenye ukuta wa uani, kwamba Ramadhani ijayo ataswali akiwa chini kama watu. Wiki ya tatu hakuuliza. Aliniangalia tu nilipotoka kuchukua simu, kisha akaangalia pembeni ili asinisumbue.

Jana ndipo lilipopasuka.

Shangazi Zena, dada yake Baba, huja kila Jumamosi na huingia kila chumba kama mkaguzi. Hakuna mlango wa nyumba hii unaomzuia, kwa sababu alizaliwa humu, na hukukumbusha. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikamsikia anaingia stoo, nikasikia gunia likivutwa, kisha kimya. Shangazi Zena akinyamaza ni jambo la kuogopa.

"Wifi!" akaita. "Wifi, hebu njoo huku! Magoti yako yametoka bila wewe!"

Nilikimbia. Nilichelewa. Mama alikuwa anakuja taratibu ameshika ukuta, anacheka, akidhani ni mzaha.

"Haya nayajua," Shangazi alikuwa anasema, ameyainamia, mikono kiunoni. "Nani asiyajue? Ulipokuwa unasingwa kabla ya harusi niliyasugua haya kwa liwa siku tatu mfululizo, nikasugua kwa ndimu, nikasugua kwa jiwe la kisigino. Hayakutakata. Nikamwambia marehemu mama, huyu bibi harusi tumeletewa na magoti ya punda."

Mama alifika mlangoni. Akayaona mezani, meupe, makavu, kila ufa wa sugu umetoka sawasawa. Nilikuwa nimeyafanya vizuri. Nasema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu linanitia aibu: hata dakika ile, sehemu moja ya akili yangu ilikuwa inafurahi kwamba mtu ameyatambua bila kuambiwa.

Pembeni kulikuwa na kibandiko nilichokiandika cha kuwekwa ukutani. Shangazi akakichukua, akakiweka mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"'Magoti ya Utii. Mwili wa mwanamke kama fanicha katika nyumba ya mwanamume.'" Akashusha karatasi. "Fanicha! Wifi, umekuwa kochi!"

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe alikirudisha kibandiko mezani alipomwona Mama.

"Na wewe Saida," akanigeukia, sasa kwa sauti ya chini, "siku ya kiama mwenye sanamu ataambiwa aipulizie roho. Utapuliza goti?"

Mama hakumsikia. Aliyatazama magoti yale kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Daktari yuko wapi?" akauliza.

Nikaliokota gunia chini.

"Hayupo," akasema mwenyewe. Akajitazama miguuni, pale khanga ilipoishia, akaishusha kidogo ingawa ilikuwa imefika chini tayari. Kisha akageuka, akaenda zake, akiwa ameshika ukuta.

Huo mkono ukutani. Sijui kama nitawahi kuusahau.

Jioni hakuniita kula. Nilikaa kizingitini mwa chumba changu nikimwangalia Baba uani. Tangu Mama ashindwe kuinama, Baba ndiye anayemtawadhisha miguu. Anatoka na kopo, anapiga goti moja kwenye simenti, anashika kisigino cha mkewe kiganjani, anamimina, anapitisha vidole kati ya vidole. Amekuwa akifanya hivyo mara tano kwa siku kwa karibu mwaka mzima. Nimepita pembeni yao nikiwa na ndoo za udongo. Nimewaruka. Sikuwahi kuchora hata mstari mmoja wa jambo lile, kwa sababu halikuingia kwenye kile nilichotaka kusema.

Alipomaliza alikuja kusimama karibu nami, anakung'uta kopo.

"Zena kanisomea karatasi yako," akasema. "Hiyo nyumba ya mwanamume ukiiona unioneshe. Hii yangu inavuja." Kisha akaacha utani. "Kamwombe radhi mama yako. Si kwa sanamu. Kwa daktari."

Nikaenda. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na nilibisha, na akasema kwa upole kabisa kwamba amelala.

Leo asubuhi nilijiambia nitafanya kama watu waliosoma wanavyofanya, nitafikiri. Nikafikiri. Nikajiambia kazi ile ni ukweli, na ukweli hauombi ruhusa. Nikajiambia kwamba kule Dar hakuna anayemjua Mama, kwamba goti bila uso si mtu. Nikajiambia kwamba nikiacha nafasi wazi kwenye sanduku, nitakuwa nimenyamazishwa na kile kile ninachokipinga. Zilikuwa hoja nzuri. Kila moja nilipoimaliza nilimsikia mama yangu akimwambia jirani kuhusu Ramadhani.

Baada ya adhuhuri nilisikia kiti cha plastiki kikikokotwa uani. Mama aliingia stoo, akakiweka mbele ya meza, akaketi. Akavuta pumzi. Alikuwa amevaa khanga ya kutokea, kama mtu aliyekuja kwa wito.

"Nifunulie," akasema.

Nikatoa gunia. Akanyoosha kidole, akagusa sugu ya kushoto, ile ya jipsamu, akapita nacho kwenye nyufa.

"Umeandika haya ni ya baba yako."

"Ndiyo, Mama."

"Baba yako kunawa ni dakika mbili. Sugu gani inaota kwa dakika mbili?"

Nilikuwa nimesimama kama mwanafunzi.

"Haya ni ya vitalu vya tumbaku," akasema. "Miche ya tumbaku ikiwa midogo huwezi kuing'olea magugu umesimama, wala ukichuchumaa, utaikanyaga. Unatambaa kwenye mfereji, goti hapa, goti pale, mkono unachagua. Nilianza sijang'oa meno ya utotoni. Kaka zangu walikwenda shule, mimi nilikwenda kitaluni. Hadi naolewa. Nilipofika nyumba hii sugu nilikuwa nazo. Zena si amekwambia? Alizisugua."

Alikuwa ameniambia. Niliyasikia kwa masikio yangu na hayakunifikia, kwa kuwa nilikuwa natazama jinsi nilivyoumbuka. Magoti yale yaliingia nyumba ya Baba yakiwa tayari. Na mimi, niliyepita hata Ipole kwenye vitalu hivyo hivyo nikipiga picha za majani mazuri, sikuwahi kumuuliza.

"Lakini ulikuwa unampigia magoti," nikasema. Niliisikia sauti yangu, ndogo, bado inabishana.

"Nilikuwa napiga. Nani aliniambia nipige?"

Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Hapa kwenu hakuna aliyenitaka nipige magoti. Bibi yako alinikataza. Alisema wageni watadhani tunakutesa. Zena na wenzake walikaa kwenye mkeka wakasubiri niingie na maji, ili wacheke. 'Mshamba kaanguka tena.'" Alitabasamu kidogo, si kwa furaha. "Nilikuja na lugha yangu, wakaicheka, nikaiacha. Nilikuja na upishi wetu, nikauacha. Jina la kwetu, nikaacha, nikawa Mama Saida. Nikasema, hili moja hapana. Kwetu mtu unayemheshimu unamshukia. Wacheke. Nikabakiza magoti."

Bati likalia juu yetu.

Nilikuwa na swali moja na nilijua kwamba nikiliuliza sitaweza kulirudisha.

"Mbona mimi hukunifundisha?"

Hapo lazima nieleze jambo. Kila mwaka, baada ya mavuno ya asali, babu anatuma kidumu kutoka Ipole kwa basi. Kimeandikwa kwa makaa: MGUU WA SAIDA. Tangu nikiwa mtoto. Nilidhani ni utani wa wazee, kama wanavyomwita mtu mnene kijiti. Na kila nikienda Ipole, mabinti wote wa rika langu wanamshukia babu, magoti chini, viganja vinagongana taratibu, "Mwangaluka, guku," yaani umeamkaje, babu, na mimi nasimama kati yao kama nguzo, natoa mkono, nasema shikamoo. Mama wadogo wa huko hunitazama miguuni kwa huruma. Mmoja aliwahi kunikandakanda goti la kulia kwa asali ya moto bila kuniuliza. Nilidhani ni ukarimu.

Mama alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Niliwaambia una mguu mbaya," akasema.

"Mguu mbaya?"

"Kwamba ulizaliwa nao. Haukunji. Ulipokuwa na miaka minne mama yangu alitaka kukufundisha, akakushika mabega akubonyeze chini, nikasema mwacheni, mguu wake huo hauwezi. Ilinitoka tu. Baadaye nikaona inafaa. Wakisema mtoto wako hana adabu, mgongo wake kama mti, nawaambia ni mguu. Wananyamaza. Wananitumia asali mpaka leo."

Miaka ishirini na zaidi mama yangu amewadanganya watu wake wote kuhusu mwili wangu. Alibeba hilo kila alipokwenda kwao. Mimi nilimdanganya yeye kuhusu mwili wake kwa wiki tatu, na uongo huo nikauita sanaa.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu goti likishajua halisahau. La kwangu mimi nililichagua, lakini nililichagua likiwa limeshafundwa. La kwako nikataka likae huru. Ukikua, uchague mwenyewe, utashuka ama utasimama. Ukaenda shule, ukaenda chuo, nikakuona unasimama. Nikafurahi." Alitazama meza. "Sikujua utakuja kuyachagulia na ya kwangu."

Nililia. Sitaandika mengi kuhusu hilo. Nilimwomba radhi kwa daktari, kama Baba alivyosema, kwanza kwa daktari, kisha kwa karatasi, kisha kwa mengine. Hakusema amenisamehe. Mama hasemi hivyo. Alisema, "Futa kamasi, utachafua jipsamu."

Nikamwambia magoti yake hayaendi Dar. Nilitaka iwe zawadi, ila aliikata kabla haijafika.

"Najua hayaendi. Haya ni ya ndani." Akanyoosha mikono, nikampa, akayapakata, jiwe juu ya mifupa, akayafunga kwenye ncha ya khanga yake kama mtu anavyofunga muhogo. Akatazama sanduku. "Na hiyo nafasi?"

"Itabaki wazi."

"Weka ya kwako."

"Ya kwangu hayana kitu, Mama."

"Ndiyo hayo hayo."

Kwake nilitumia jipsamu moja kwa moja juu ya ngozi, kwa kuwa hawezi kukunja. Kwa mtu anayeweza kukunja ipo njia rahisi zaidi: unajaza beseni udongo laini, unausawazisha, mtu anapiga magoti ndani yake, anainuka, shimo linalobaki ndiyo kalibu. Tukajaza beseni kubwa la kufulia. Mama akataka kuponda udongo mwenyewe, ameketi kitini, beseni katikati ya miguu. Mikono yake inajua udongo kuliko yangu. Akanipaka mafuta ya nazi, goti la kulia, goti la kushoto, akizungusha kiganja. Nikasimama mbele ya beseni, nimekunja suruali. Nikajiangusha.

"Ah!" akapiga ulimi. "Ndiyo nini hiyo? Umeanguka. Inuka."

Nikainuka. Akalainisha udongo upya.

"Sisi hatuanguki. Unateremka. Kushoto kwanza. Mgongo usivunje, mgongo ubaki wako. Kisha kulia, polepole, kama unaweka yai. Uzito usiuache wote ardhini, jibebe mwenyewe. Macho chini, lakini si kwa woga, unamwachia mtu nafasi. Sasa."

Nikateremka. Kushoto. Mgongo ukabaki wangu. Kulia. Udongo ulikuwa wa baridi, ukanipokea hadi chini ya pia za magoti, ukakaza. Miaka ishirini na sita, sijawahi kushuka hivi mbele ya mtu. Katika swala ndiyo, lakini pale unamshukia Asiyeonekana.

"Viganja," Mama akasema.

Nikagonganisha viganja taratibu.

Sikupanga kusema chochote. Salamu ya mtoto kwa mama yake ilinitoka kwa lafudhi ya mjini, mbovu kabisa. "Mwangaluka, mayo."

Nilikuwa natazama chini kama alivyonifunza, kwa hiyo niliona miguu yake tu, na tone moja lililoanguka kwenye udongo mbele ya goti langu la kulia likaacha kitobo kidogo.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema. "Usitikisike. Utaharibu kazi."

Nilipoinuka tulitazama shimo pamoja. Mashimo mawili laini, ya mviringo, yanang'aa kwa mafuta. Hamna ufa, hamna sugu. Hamna alama hata moja, ila kile kitobo. Nikachukua kijiti nikizibe.

"Acha," akasema. Kisha akayatazama tena yale mashimo matupu kwa muda, kama mtu anayetazama kitu alichokitengeneza kwa siri na sasa tu anakiona. "Si unaona? Hayana kitu. Ndivyo nilivyotaka."

Alikoroga jipsamu mwenyewe. Ina madonge, maana alikoroga kama uji na hakutaka kuambiwa. Nimeimimina hivyo hivyo.

Sasa inakaza. Nimeweka kiganja juu yake, ina joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Asubuhi nitapindua beseni na kuvunja udongo. Sijui kitatoka nini. Huenda madonge yameacha mashimo, huenda goti moja litatoka nusu. Huenda watu wa Dar watasimama mbele ya magoti mawili meupe yasiyosema lolote na wapite. Kibandiko cha zamani nimekichana. Kipya sijaandika. Nimejaribu mara tatu na kila mara najikuta naeleza watu mama yangu ni nani, na hilo sina ruhusa nalo tena. Hata hapa niliomba kwanza. Alisema, "Andika, lakini uandike na mguu mbaya, wa Ipole wasome wajue." Wa Ipole hawasomi blogu, Mama. "Basi andika tu."

Ya kwake ameyaweka chini ya kitanda, ndani ya khanga. Nimemsikia akimweleza Baba kwamba mvua ikianza atayategesha kwenye mlango wa uani usipigwe na upepo. Sijui kama anatania.

Magoti yangu yanauma. Kidogo tu, upande wa juu, pale ambapo ngozi haijazoea. Najiuliza kama nitawahi kushuka tena, na mbele ya nani, na kama safari hiyo nitajua kwamba ni mimi niliyechagua.

Ila lipo jambo moja ninalolijua. Nimempigia simu kijana wa bajaji aje saa moja asubuhi. Mama alikuwa anapita na kopo la udhu akasikia, akauliza kama sanduku litakuwa limefungwa saa hiyo. Nikamwambia bajaji si ya sanduku. Tunaanzia hospitali, kliniki ya mifupa, tukae foleni hadi mtu ayashike magoti yake na aseme kinachowezekana na kisichowezekana. Stesheni baadaye. Treni ikituacha, imetuacha.

Alisimama akinitazama, kopo mkononi.

"Huyu daktari wa kesho," akasema, "yupo?"

"Yupo, Mama."

"Nitamwona kwa macho yangu ndipo nitaamini," akasema, akaenda kumwita Baba amimine maji.